Pua ya baba imeziba upande mmoja: ni nyama za puani au saratani?

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61 na ni fundi seremala tangu akiwa kijana, hapa Tanga. Tangu Februari pua yake ya kushoto imeziba. Mwanzoni tulidhani ni mafua. Zahanati walisema ni sainasi, akapewa antibayotiki mara tatu na dawa ya matone. Anapata nafuu siku mbili tatu, halafu inarudi palepale. Mwezi wa sita alianza kupenga makamasi yenye michirizi ya damu, na asubuhi foronya yake inakuwa na madoa. Mama anasema siku hizi hata samaki akiungua jikoni baba hasikii harufu. Tulimpeleka hospitali ya mkoa, wakatazama, wakasema kuna nyama, wakaagiza kipimo cha CT. Majibu yanasema kuna uvimbe umejaza mwanzi wa kushoto wa pua, na mfupa wa pembeni umekuwa mwembamba. Sasa daktari anataka kukata kipande kikapimwe. Hapo ndipo familia imegawanyika. Baba mdogo anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Anamjua mtu aliyekatwa hivyo akafariki baada ya miezi miwili. Shangazi ameleta dawa ya unga ya kunusa. Kaka yetu mkubwa anataka tuuze kiwanja tumpeleke India moja kwa moja. Je, hii ni saratani? Ni vumbi la mbao? Tukubali kipande kikatwe? Na mdogo wetu anayefanya kazi karakanani na baba, naye yuko hatarini?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na baba umfikishie pole zangu. Umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea, ndiyo maana naweza kukujibu kwa kirefu. Nianze na lile linaloigawa familia, maana ndilo lisilongoja: kubalini kipande kikatwe, tena ndani ya siku chache, si mwezi ujao. Mengine yote uliyouliza, vumbi, India, kiwanja, yanategemea karatasi itakayotoka maabara.

Je, ni saratani? Kwa haya uliyoniandikia, hakuna daktari mkweli atakayekujibu ndiyo au hapana. Picha ya CT inaonyesha kwamba kuna kitu, kiko wapi na kimeifanya nini mifupa. Haionyeshi kitu hicho ni nini. Ila sitakuficha kwamba dalili za baba zinanitia wasiwasi, na kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno moja ulilolitaja: kushoto.

Mafua, mzio na sainasi ya kawaida ni magonjwa ya utando wote wa pua, kwa hiyo huziba pande zote mbili, hata kama leo upande huu umebana zaidi na kesho ule. Hata zile nyama za puani ambazo watu wengi wanazijua, zinazotokana na mzio na uvimbe wa muda mrefu, mara nyingi huota kulia na kushoto. Ukizitazama kwa taa ni nyeupe za kung'aa, zinapitisha mwanga, mfano wa shokishoki lililomenywa. Ukizigusa kwa kifaa haziumi wala hazitoi damu. Kitu kilichoota upande mmoja tu, cha rangi ya wekundu au kijivu, chenye uso wa vinundu kama tunda la forsadi, kinachovuja damu kikiguswa, hicho ni kingine kabisa mpaka kithibitishwe vinginevyo. Pua ya mtu mzima ikiziba upande mmoja zaidi ya wiki tatu au nne, na zaidi kukiwa na damu, dawa ya sainasi si jibu tena. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, atazamwe kwa kamera.

Siwalaumu zahanati kwa antibayotiki ya kwanza. Wagonjwa mia wakija na pua iliyoziba, karibu wote wana mafua au mzio. Ya tatu ndiyo ilipaswa kuwa barua ya rufaa. Na ile nafuu ya siku mbili tatu mliyokuwa mnaiona ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya ugonjwa wenyewe. Uvimbe unapoziba njia, makamasi hukwama nyuma yake na kuoza kama maji ya mtaro uliozibwa. Antibayotiki husafisha yale maji, mgonjwa akapumua kidogo, lakini kizibo kiko palepale. Matone nayo husinyaza mishipa ya damu ya utando, njia ikapanuka kwa saa chache. Kwa njia, matone ya kuzibua pua yasitumike zaidi ya siku tano hadi saba mfululizo, maana baada ya hapo yenyewe huanza kuiziba pua. Kama baba bado anayatumia tangu Februari, ayaache.

Ili uelewe kwa nini jambo hili limechukua miezi, piga picha ya nyumba. Mwanzi wa pua si tundu dogo unaloliona nje. Ni ukumbi mrefu unaokwenda nyuma hadi juu ya koo, wenye vyumba pembeni ambavyo ndivyo sainasi: mashavuni, katikati ya macho, kwenye paji la uso na nyuma kabisa chini ya ubongo. Dari ya ukumbi huu ni mfupa mwembamba, na juu ya dari kuna ubongo. Ukuta unaotenganisha sainasi za kati na jicho ni mwembamba kama karatasi. Ukumbi una nafasi, basi uvimbe hukua humo kimyakimya bila kuuma, na mtu anaona tu "pua imebana". Ukishajaa, unatafuta mlango. Ukielekea jicho, machozi hutiririka ovyo, jicho husukumwa nje au mtu huona vitu viwili viwili. Ukielekea shavuni, shavu hufa ganzi, au meno ya juu yanalegea bila sababu. Ukielekea dari, harufu inapotea, kwa kuwa neva za kunusa zinashuka kutoka hapo.

Kwa hiyo baba kutosikia samaki akiungua ni habari muhimu, mwambieni daktari. Inaweza kuwa ni kwa sababu hewa haifiki juu, lakini mtu mwenye upande mmoja mzima kwa kawaida bado hunusa kwa upande huo. Akipoteza harufu kabisa, lazima tuiangalie dari kwa makini, na hapo kipimo cha MRI kinasaidia sana. Kwenye CT, uvimbe na makamasi yaliyokwama nyuma yake vyote huonekana kijivu. MRI hutenganisha viwili hivyo, na huonyesha kama ganda la ubongo au mafuta yanayozunguka jicho yameguswa. CT ni ya kusoma mifupa, MRI ni ya kusoma nyama. Katika uvimbe wa namna hii tunazihitaji zote mbili kabla ya kupanga upasuaji mkubwa.

Na lile neno "mfupa umekuwa mwembamba" limewatisha, naelewa. Mfupa unaweza kupungua kwa njia mbili. Kuna uvimbe unaousukuma pole pole kwa miezi na miaka hadi ukapinda na kuwa mwembamba, kama ukuta wa udongo unaosukumwa na mzizi wa mwembe. Hiyo huonekana zaidi kwenye uvimbe usio saratani. Na kuna unaoula mfupa, ukaacha kingo zilizochanika. Hiyo ni tabia ya saratani. Kama aliyesoma picha ameandika mwembamba na si kuliwa, kuna tumaini kidogo katika neno hilo. Lakini siwezi kulitegemea peke yake, maana zipo saratani zinazosukuma na zipo zisizo saratani zinazokula.

Sasa tuje kwenye kipande. Ndani ya ukumbi huu mdogo kunaweza kuota aina nyingi ajabu za uvimbe, na kila aina ina tiba yake. Mara nyingi, mtu wa umri wa baba akiwa na uvimbe wa upande mmoja, tunachokuta ni papiloma geuzi. Si saratani. Inaitwa geuzi kwa sababu badala ya kuota kuelekea nje kama chunjua, inajikunja na kuchimba kuelekea ndani. Ina tabia mbili mbaya: hurudi ikiachwa mzizi, na kwa wachache, takriban mtu mmoja kati ya kumi au pungufu ya hapo, hukutwa ndani yake kuna saratani. Tiba yake ni upasuaji kwa kamera kupitia tundu la pua, bila kupasua uso. Daktari anaifuata mpaka pale ilipoota, kisha anauparua mfupa wa pale kwa mashine. Akivuta nyama na kuacha mzizi, mtarudi kwake.

Zikija saratani zenyewe, kwanza jueni kwamba ni adimu: katika nchi nyingi, kila mwaka huwapata pungufu ya mtu 1 kati ya watu 100,000. Iliyo ya kawaida kuliko nyingine huota kwenye utando wa juu, na uvutaji sigara huichochea. Ipo ya tezi, ambayo nitaizungumzia kwa sababu ya kazi ya baba. Ipo inayoanzia kwenye chembe za neva ya kunusa. Hiyo inatibika vizuri kwa upasuaji na mionzi, ila inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo mgonjwa wake hatumwachi. Ipo melanoma, saratani ya chembe za rangi, wakati mwingine nyeusi kama wino, ambayo ni kali. Na ipo limfoma, saratani ya chembe za kinga, ambayo haihitaji upasuaji mkubwa kabisa. Tiba yake ni dawa za kemo na mionzi. Yapo pia magonjwa yanayofanana na saratani na si saratani: donge la fangasi ndani ya sainasi, hata kifua kikuu cha pua.

Fikiria mtu mwenye limfoma akikatwa pua na taya bure, au mwenye papiloma geuzi akipigwa mionzi wiki sita bila sababu. Ndiyo maana nasema hakuna tiba bila jina, na jina linatoka kwenye kipande.

Baba mdogo wako si mjinga kusema alichosema. Aliona kwa macho yake: mtu alikatwa, mtu akafa. Nimekutana na huzuni hiyo kwenye familia nyingi. Lakini angalia mtiririko wenyewe. Watu wengi wetu wanafika kukatwa kipande wakiwa wamezunguka miezi minane, mwaka, na dawa za kila namna. Ugonjwa umeshafika shingoni au kwenye jicho. Kipande kinakatwa, jina linatoka, na mgonjwa anafariki kwa ugonjwa uliokuwa umeshaenea kabla ya kisu kumgusa. Kisu kinabeba lawama kwa sababu ndicho kilichokuja mwisho. Uvimbe wa ndani ya pua tayari unagusana na hewa, unapengwa, unavuja damu kila siku. Kung'oa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele juu yake hakuufungulii njia ambayo haukuwa nayo.

Kuna tahadhari moja ya kweli kuhusu kukata, na huenda maneno ya watu yanatokana nayo. Si kila uvimbe wa pua hukatwa kwenye kiti cha kliniki. Wavulana wa umri wa kubalehe hupata uvimbe wa mishipa ya damu nyuma ya pua ambao ukiukata kipande, damu inamwagika kama bomba lililopasuka. Huo tunautambua kwa picha na hatuugusi nje ya chumba cha upasuaji. Pia, mara chache, kile kinachoning'inia juu ya pua si uvimbe bali ni ubongo ulioshuka kupitia tundu kwenye dari. Ndiyo sababu ya utaratibu: picha kwanza, kipande baadaye. Madaktari wa baba wameufuata. Hilo linanipa imani nao.

Kipande chenyewe kinachukuliwa hivi. Pamba yenye dawa ya ganzi na dawa ya kusinyaza mishipa ya damu inawekwa puani kwa dakika kama kumi. Kamera nyembamba kama penseli inaingizwa, na koleo dogo linachuna vipande kadhaa. Damu kidogo itatoka, na pamba itabaki kwa muda. Kama uvimbe una damu nyingi, watamlaza na kumpa dawa ya usingizi, na hilo ni sawa pia. Mwambieni daktari mapema kama baba anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, na kama ana presha.

Vipande vinatiwa kwenye fomalini, vinagandishwa ndani ya nta, vinakatwa tabaka nyembamba kuliko unywele na kupakwa rangi ili vionekane kwa hadubini. Nawaomba mlishike hili: uvimbe kadhaa wa pua hufanana mno chini ya hadubini, vijichembe vidogo vya duara vya bluu vilivyosongamana. Limfoma, melanoma na ile ya neva ya kunusa zote zinaweza kujionyesha hivyo. Kuzitenganisha kunahitaji rangi maalumu zinazotafuta protini za kila aina ya chembe, na si kila maabara inazo. Majibu yakisema tu "saratani, aina haijulikani", msikimbilie tiba. Ombeni kile kipande kilicho ndani ya nta pamoja na vioo vyake, mvipeleke kwenye maabara kubwa visomwe tena. Ni mali ya baba, na mna haki ya kuviomba. Nimeona jina likibadilika baada ya kusomwa mara ya pili, na tiba yote ikabadilika nalo.

Vumbi la mbao. Hapa nina jambo la kukusimulia. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, watu walikuwa wakitengeneza viti na samani kizazi baada ya kizazi. Miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo wa mji huo, mama mmoja aitwaye Esmé Hadfield, aligundua kwamba saratani ya tezi za pua, ambayo daktari wa mji mwingine angeiona mara chache mno, kwake ilikuwa inarudi tena na tena. Na wagonjwa walikuwa maseremala wa viwanda vya samani. Yeye na wenzake walichapisha kazi yao mwaka 1968, na mwaka uliofuata nchi ile ikaitambua saratani hiyo kuwa ugonjwa wa kazini kwa watu wa samani. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Linavyofanya kazi ni hivi. Vumbi la msumeno ni zito, huanguka chini. Lile la msasa ni laini, huelea, mtu akalivuta na likanasa puani, kwa kuwa kazi ya pua ni kuchuja. Vinywele vidogo vya utando huchukua makamasi yenye uchafu na kuyapeleka kooni bila mtu kujua. Kwa seremala wa miaka mingi vinywele hivyo huchoka, vumbi linakaa muda mrefu, hasa juu katikati ya macho ambako njia ni finyu. Utando uliochokozwa kila siku kwa miongo huanza kujibadilisha ili kujihami. Na kuna jambo ambalo mpaka leo hunishangaza kila nikitazama hadubini: saratani inayotokea hapo hufanana na utando wa utumbo. Chembe za pua zimesahau kwamba ni za pua.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu mbao ngumu. Utafiti mwingi ulifanywa Ulaya kwa mbao za huko kama mwaloni, lakini hata mvule wetu umo kwenye orodha ya mbao ngumu zinazodhibitiwa huko. Kati ya kuanza kazi na kuugua hupita miaka mingi, mara nyingi kama 40. Baba alianza ujana, sasa ana miaka 61, hesabu inaingia. Hata hivyo usiruke hatua. Maseremala wengi mno wanazeeka bila ugonjwa huu, na seremala naye anaweza kupata papiloma geuzi kama mtu mwingine yeyote. Kazi yake ni sababu ya kuharakisha kipimo. Si hukumu. Muhimu ni daktari ajue: hakikisheni fomu ya kipande imeandikwa "fundi seremala", na miaka mingapi, maana anayesoma hadubini akijua hilo atalitafuta. Kama kuna miaka aliyoajiriwa kiwandani, tunzeni nyaraka hizo na mwulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama zinamsaidia.

Ikithibitika ni saratani, haitatibiwa na daktari mmoja. Kwanza watapima shingo na kifua kujua imefika wapi. Kwa aina nyingi, upasuaji hutangulia. Siku hizi sehemu kubwa hufanywa kwa kamera kupitia puani, na pale panapobidi kuondoa kipande cha dari chini ya ubongo, tundu huzibwa kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, wa puani au wa paja. Ikiwa imeingia jichoni au mbele ya uso, bado kunahitajika kupasua kwa nje. Kisha mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa takriban wiki sita. Mionzi haiumi ikipigwa, lakini huacha pua kavu yenye magamba, mdomo mkavu, na inaweza kuathiri jicho la upande huo. Kabla ya kuanza, baba amwone daktari wa meno. Jino bovu likija kung'olewa baada ya mionzi, taya huchelewa sana kupona.

Je, watu wanapona? Takwimu za Marekani kwa saratani za mwanzi wa pua na sainasi kwa ujumla zinaonyesha karibu watu 6 kati ya 10 wako hai miaka mitano baadaye, na ugonjwa ukikutwa haujatoka mahali pake ni zaidi ya 8 kati ya 10. Hizo ni namba za nchi ambako wagonjwa hufika mapema na mashine zipo, na zinachanganya aina nyingi. Usimsomee baba kama ramli yake. Nimezileta ili baba mdogo aone kwamba ugonjwa huu una watu wanaoutoka.

Kuhusu India, mwambie kaka asiuze kiwanja wiki hii. Akienda leo, kitu cha kwanza watakachofanya huko ni kukata kipande, kile kile mnachoweza kupata hapa. Jina likitoka, mwombe rufaa Muhimbili au KCMC, hospitali zenye madaktari wa masikio, pua na koo wanaofanya upasuaji huu, na mionzi ipo Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza. Ikiwa ni papiloma geuzi, au saratani isiyogusa dari, sioni sababu ya kuvuka bahari. Ikiwa imepenya kuelekea ubongo au jicho, na timu yenu hapa ikawaambia kwa uwazi kwamba upasuaji huo unazidi uwezo wao, hapo safari ina maana, na muende na kipande cha nta, vioo na picha mkononi. Pigeni hesabu yote: wiki sita za mionzi ugenini ni kodi, chakula na msindikizaji, na kisha kuna kurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi michache kwa miaka. Fedha za kiwanja zikiisha kwenye tiketi, hazitakuwepo kwenye marudio, na marudio ndiyo yanayokamata ugonjwa unaporudi.

Shangazi anisamehe, ila ule unga usiingie pua ile. Utando unaovuja damu ukipakwa unga, huvimba, hupata vidonda, na daktari anayekuja na kamera haoni kitu ila magamba. Kama anataka kusaidia, amtengenezee baba maji ya chumvi: maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye vikombe viwili, amwoshee taratibu bila kusukuma. Huo ni msaada wa kweli, unaondoa uvundo na magamba.

Msingoje tarehe ya kliniki baba akianza kuona viwili viwili, jicho likivimba au kutokeza, uwezo wa kuona ukipungua, damu ikitoka isikome baada ya kubana pua dakika kumi na tano akiwa amekaa na kuinamia mbele, au akipata homa na maumivu makali ya kichwa na shingo kukaza. Hayo ni ya usiku huo huo. Na baada ya upasuaji wowote wa dari ya pua, maji meupe kama ya kisima yakidondoka puani anapoinama, rudini hospitali mara moja. Yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo.

Amebaki mdogo wako wa karakanani. Kwa umri wake hatari ya leo ni ndogo, lakini vumbi la leo ndilo linalohesabiwa baada ya miaka thelathini. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii vumbi la msasa. Anunue barakoa za daraja la N95 na azibadilishe. Kazi ya msasa aifanyie nje au penye upepo unaompita kutoka mgongoni. Jioni asipulize vumbi kwa kompresa wala kufagia kukavu, anyunyize maji kwanza. Akipata uwezo, mashine ya kufyonza vumbi iliyounganishwa na mashine ya msasa ina faida kuliko barakoa zote. Na siku yoyote pua yake ikiziba upande mmoja ikapita mwezi, asiombe antibayotiki. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kabla hajaulizwa kitu aseme: nafanya kazi ya mbao, na baba yangu alikatwa kipande cha pua.